Hamsini na Tano Zangu

Mchezo haujaanza, tayari unauliza.
VIPIMO, na chini yake visanduku viwili:
kilomita, maili. Chagua kimoja.
Bastien amekaa kwenye zulia, pedi mapajani,
miguu imerefuka hadi inagonga meza ya televisheni,
ananigeukia kana kwamba mimi ndiye wizara.

Hapa Windsor, mwanangu, nani aliwahi kuchagua kimoja?
Nje ni selsiasi kumi chini ya sifuri,
ndani ya oveni kuku anaiva kwa farenhaiti mia tatu na hamsini.
Nyama inatangazwa kwa ratili, risiti inakuja kwa kilo,
ili mtu asijue ameibiwa wapi.
Na mimi, zamu ya usiku, wodi ya wazazi,
namlaza kichanga kwenye mizani,
naandika gramu elfu tatu mia nne na mbili,
kisha bibi yake anapiga simu kutoka Chatham, ana uzito gani,
nami najibu, ratili saba na nusu,
maana ukimtajia gramu hasikii mtoto,
anasikia unga.

Lakini mchezo haujui mseto.

Akaweka kilomita. Lori likatoka gereji,
jekundu, magurudumu kumi na manane.
Jumamosi, saa tatu usiku,
na ng'ambo ya mto, Detroit, juu ya duka la matairi,
Lavelle akawasha lake. Baba yake.
Tangu tuachane wanakutana barabarani,
barabara isiyokuwepo, katika jangwa la kuchorwa,
mmoja mbele, mmoja nyuma, wamebeba mbao za mtu yeyote.

"Shika hamsini na tano," sauti ya Lavelle katika spika.
"Hamsini na tano? Kobe atanipita!"
"Hamsini na tano zangu, si zako."
Mtoto akatazama dari, midomo ikicheza, anazidisha,
themanini na nane, themanini na nane na ushee,
na hesabu ilipokamilika kona ilikuwa imeshafika.
Mbao zikamwagika bondeni.
Nikasikia kicheko kile kile mara mbili,
kimoja zuliani, kimoja kikikwaruza ndani ya spika.
Mimi nilikuwa nakunja soksi.

Wiki ya tatu nilipita na kikapu cha nguo
nikaona sindano imesimama sitini
na lori linakimbia kama linadaiwa.
Hakuwa ameniambia.
Sitasema sikuumia. Kitu kidogo, tiki ya kijani
imehama kisanduku kimoja kwenda cha pili,
nami mlangoni kama afisa wa forodha
anayetaka kuuliza, umebeba nini,
unakwenda kwa nani, utakaa siku ngapi.

Alipolala nikashika pedi.
Lori sijui hata kulirudisha nyuma, ila menyu naijua.
Kilomita. Maili. Kilomita.
Kila nilipobonyeza namba ziliruka,
lori likabaki pale pale kwenye maegesho, taa zimezimwa.
Nikaiacha kwenye maili. Nikaenda kuosha sahani
ambazo tayari zilikuwa safi.

Asubuhi akataka apimwe.
Fremu ya mlango wa jikoni, penseli, kitabu cha mapishi kichwani.
"Futi tano, inchi tano na robo. Na usisimamie vidole."
"Na baba?"
"Futi sita na inchi mbili," nilijibu bila kuwaza.
"Hiyo ni sentimita ngapi?"
Nikafungua mdomo.
Miaka kumi na moja nimelala kando ya mtu yule.

Nikampa penseli. Akafanya hesabu papo hapo kwenye rangi nyeupe,
akizidisha, akibeba moja, akikata, akianza tena,
mpaka akapata mia na themanini na tano.
Amekosea sentimita tatu. Nilikuja kuhakiki baadaye, kazini,
nyuma ya karatasi ya chati.
Sijafuta.